Alileta Wimbo, Akapewa Mtihani: Wapenzi wa Roki Mjimwema, Hapa Mmechemka

Kupenda roki ya zamani ukiwa Songea kunataka moyo. Redioni ni Bongo Fleva, singeli na nyimbo za injili. Kwenye bajaji ni hivyo hivyo. Ukienda kwenye harusi ukamwomba MC apige Deep Purple, atadhani unazungumzia rangi ya sare za kamati. Nyumbani nako mama akisikia gitaa limeanza kukwaruza, anauliza kama mwanawe kajiunga na Freemason.

Ndiyo maana watu wa muziki huu wakikutana huwa hawaachani. Ukimpata mtu mmoja tu anayejua kwa nini ngoma za Led Zeppelin zinapiga kifuani, huyo ni ndugu. Mtapigiana simu usiku, mtarushiana nyimbo, mtabishana hadi bando liishe.

Mjimwema kuna kijiwe cha namna hiyo. Mjimwema ya Songea, sio ile ya Kigamboni. Jumamosi jioni, nyuma ya saluni ya kinyozi, wanakaa watu kama kumi hivi na sabufa moja. Wengine wanatoka Bombambili, wengine Lizaboni. Utaratibu wao ni mtamu sana: kila mtu analeta wimbo mmoja wa zamani, unapigwa, kisha aliyeuleta anasema kwa nini anaupenda. Hakuna kiingilio. Mtu akija na karanga au kahawa, ni hiari yake.

Sasa kuna ishu ilitokea hapo, na kitaa bado hakijamaliza kuizungumza. Majina yanahifadhiwa, kwa sababu mtaa ni mdogo na watu wanajuana.

KILICHOTOKEA

Dada mmoja ana kibanda cha uwakala wa pesa jirani na hiyo saluni. Kwa miezi kadhaa alikuwa anasikiliza kijiwe kile kwa mbali huku akihudumia wateja. Jumamosi moja akafunga mapema, akasogea na simu yake, akaomba naye apewe zamu.

Wimbo aliouleta ulikuwa wa Sunburst.

Haukufika hata dakika mbili. Kaka mwenye sabufa, ambaye ndiye mwenye sauti pale kijiweni, akauzima. "Dada, hizi ni zilipendwa. Hapa tunapiga roki." Dada akajibu kwamba hata hiyo ni roki, hebu waiache iishe. Hapo ndipo mtihani ukaanza. Haya, taja albamu tatu za Led Zeppelin. Nani alipiga besi Deep Purple? Pink Floyd walitoa nini mwaka 1973?

Watu wakacheka. Dada hakujibu hata swali moja. Akasema, "Haya kaka, Jumamosi njema," akachukua simu yake, akaondoka. Hakuna aliyemfuata.

Ambacho wana hawakujua ni kwamba ule wimbo aliurekodi kwenye simu kutoka kwenye kanda za baba yake mkubwa. Mzee huyo alifanya kazi Dar es Salaam miaka ya 1970, akarudi Songea na sanduku la kanda alizozirekodi mwenyewe, kila moja ikiwa na karatasi: jina la bendi, jina la wimbo, mwaka. Mpango wa dada ulikuwa apime upepo kwanza, halafu Jumamosi inayofuata aje na mzee mwenyewe na lile sanduku. Mzee aliposikia yaliyotokea alisema tu, "Basi, ziacheni zilale."

Na mpaka leo zimelala.

Wapo wanaosema ni utani wa kijiweni, dada ana hasira za karibu. Wapo wanaosema yule kaka hana adabu. Lakini hili la adabu ni dogo. Kosa kubwa ni kwamba kijiwe kinachojiita cha muziki wa zamani kimefukuza muziki wa zamani. Na kimeufukuza kwa kutumia mtihani ambao wenyewe una makosa.

MTIHANI WENYEWE FEKI

Tuanze na maswali. "Nani alipiga besi Deep Purple?" Swali hilo halina jibu moja. Nick Simper alipiga mwanzoni, Roger Glover akachukua nafasi yake mwaka 1969, Glenn Hughes akaja mwaka 1973, kisha Glover akarudi bendi ilipoungana tena mwaka 1984. Muulizaji alikuwa na jina moja kichwani, na angemkosesha mtu ambaye yuko sahihi.

"Albamu tatu za Led Zeppelin?" Hiyo ni rahisi kuliko hesabu za darasa la kwanza. Albamu yao ya kwanza inaitwa jina la bendi, ya pili inaitwa mbili, ya tatu inaitwa tatu. Mtu ambaye hajawahi kusikia hata sekunde moja ya gitaa la Jimmy Page anaweza kuotea akapata zote.

Hapo ndipo ujinga wa mitihani hii unapoonekana. Inapima nani amesoma mtandaoni usiku wa jana. Haiwezi kupima nani alikaa na wimbo mpaka ukamwingia. Yule dada alikuwa amekaa na wimbo mmoja kutoka kwenye kanda iliyochakaa, akauhamisha kwa mkono wake, akaona unafaa kusikilizwa na watu wengine. Huyo ni shabiki kuliko nusu ya waliomcheka.

SUNBURST NI ROKI AU SI ROKI?

Kwa wasiowajua, Sunburst ni bendi ya Dar es Salaam iliyoanzishwa mwaka 1970, yenye watu kama James Mpungo na Hembi Flory Kongo. Walichanganya gitaa la umeme la roki, muziki wa soul na ngoma za kwetu, wakaimba Kiswahili na Kiingereza. Albamu yao, Ave Africa, ilitoka mwaka 1976. Kisha zikapita karibu miaka arobaini ambapo kuipata ilikuwa kazi ya wakusanyaji wa santuri wenye pesa. Mwaka 2016 lebo ya Strut ya Ulaya ikatoa upya rekodi zao za kuanzia 1973 hadi 1976, na wazungu wakaanza kuandika kwamba wamegundua hazina.

Hazina hiyo ilikuwa pia kwenye sanduku Mjimwema.

Na ukitaka kujua uzito wa bendi kama hiyo, angalia ilianza lini. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, kampeni ya kupinga sketi fupi, wigi na suruali za kubana. Novemba 1969 muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam, kwa hoja kwamba unaharibu vijana na si utamaduni wetu. Mwaka uliofuata ndio Sunburst wakaanza. Kijana aliyesimama jukwaani na gitaa la umeme wakati huo alikuwa anaambiwa huu muziki si wa kwetu.

Leo, nusu karne baadaye, binti anapeleka muziki huo huo kijiweni anaambiwa huu si wa kwao. Enzi zile walikosa kwa sababu ni wa kizungu mno, na sasa wanakosa kwa sababu ni wa Kiswahili mno. Hawa watu wapigie wapi?

Wala si Sunburst peke yao. Patrick Balisidya na Afro 70 walikuwa na gitaa na kinanda ambavyo mtu wa roki akisikia lazima ageuke. Bendi hiyo ilikwenda Lagos kwenye tamasha la FESTAC mwaka 1977, na mwishoni mwa muongo huo Balisidya akaenda Sweden akarekodi na kundi la Archimedes Badkar. Kama Waswidi walimpa nafasi studio, sabufa ya Mjimwema inashindwaje kumpa dakika nne?

ROKI YENYEWE NI MUZIKI WA KUPOKEZANA

Kinachochekesha zaidi ni kwamba hizo bendi zinazotumika kumfungia dada mlango, zenyewe zisingekuwepo kama watu wasingepeana nyimbo.

Chukua Led Zeppelin. Wimbo wao Whole Lotta Love wa mwaka 1969 ulibeba maneno kutoka You Need Love, wimbo ulioandikwa na Willie Dixon, Mmarekani mweusi, na kurekodiwa na Muddy Waters mwaka 1962. Jina la Dixon halikuwekwa. Mwaka 1985 akafungua kesi, mwaka 1987 wakamalizana nje ya mahakama, na leo jina lake lipo kwenye orodha ya watunzi. Vijana wa Uingereza waliusikia muziki wa bluzi kwa kuazimana santuri, mmoja kwa mwingine, kama hivi hivi tunavyorushiana nyimbo kwa simu. Kupeana kulikuwa kuzuri. Kilichoharibu ni kupeana bila jina.

Chukua Santana. Ule wimbo Oye Como Va uliomo kwenye albamu ya Abraxas ya mwaka 1970, ambao kila shabiki wa gitaa anaupenda, aliutunga Tito Puente mapema miaka ya 1960. Ni cha-cha-cha, mdundo wenye asili ya Cuba. Na muziki wa Cuba ndio huo huo uliowaingia wazee wetu wa dansi, mpaka Salum Abdallah wa Morogoro akaiita bendi yake Cuban Marimba. Kwa hiyo Santana na Salum Abdallah walikunywa kisima kimoja, kila mmoja na kata yake. Ukiwapiga mmoja baada ya mwingine Jumamosi jioni, hujaharibu ladha ya kijiwe. Umeonyesha watu undugu ambao hawakuujua.

Halafu kuna Freddie Mercury, ambaye kila kijiwe cha roki Tanzania kinamtaja kwa kifua mbele. Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akasoma India, na familia yake ikahamia Uingereza mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Wana wa Mjimwema wanapiga Queen karibu kila wiki na wanapenda kusema, "Huyu ni wetu." Sawa, ni wetu. Lakini Queen ni bendi ya London. Sunburst walikuwa Dar es Salaam, waliimba Kiswahili, wamezimwa kabla ya kiitikio cha pili. Ukweli ni kwamba "wetu" yetu inaanza kazi pale tu dunia inapokuwa imeshampigia mtu makofi.

NDUGU ZETU WA ZAMBIA WALIFANYA TOFAUTI

Kuna watu wanasema, "Hata tukizipiga hizo nyimbo za zamani za kwetu, itasaidia nini? Bendi zimeshakufa." Jibu liko jirani tu, Zambia.

Miaka ya 1970 Zambia ilikuwa na bendi za roki ambazo muziki wao unaitwa Zamrock. Mojawapo ni WITCH. Mwimbaji wao, Emanyeo Chanda, alipewa jina la Jagari kutokana na Mick Jagger wa Rolling Stones. Mwaka 1975 walitoa albamu ya Lazy Bones!!, vijana wakawa wanajaza kumbi. Kisha uchumi ukashuka, kanda za wizi zikaua mauzo, wanamuziki wakatawanyika. Jagari mwenyewe akaishia kuchimba vito.

Wangekuwa wamekwisha. Lakini mashabiki hawakuacha kupeana zile rekodi. Mmoja akamsikilizisha mwingine, santuri zikatoka nchi moja kwenda nyingine, lebo zikazitoa upya, watu wakamtafuta Jagari mpaka wakampata. Muongo uliopita akaanza kupanda tena majukwaa ya Ulaya na Marekani akiwa mzee wa miaka sitini na zaidi, na mwaka 2023 WITCH wakatoa albamu mpya, Zango.

Kuna mzee aliyetoka shimoni akarudi jukwaani kwa sababu watu walikuwa wanarushiana nyimbo zake. Hakuna serikali iliyoagiza hilo. Ni mashabiki tu, wale wa "hebu sikiliza hii." Hakuna kati yao aliyesema, "Taja kwanza albamu tatu."

TUMTETEE NA KAKA KIDOGO

Haki ni haki. Yule kaka wa sabufa naye ana yake.

Alianza kusikiliza muziki huu akiwa sekondari, peke yake, kwa simu ya kubonyeza na memori kadi ya kuazima. Ameitwa mwabudu shetani na majirani. Ameombewa. Kuna kipindi alipigwa marufuku kufungulia muziki kwenye nyumba aliyopanga. Kijiwe hiki alikianzisha kwa nguvu zake, sabufa ni yake, umeme analipa yeye. Mtu aliyepigania kitu kwa miaka yote hiyo huwa anaogopa kikiguswa. Anaona watu wapya watakuja, kila mmoja na chake, mara rumba, mara taarabu, mara singeli, na baada ya mwezi kijiwe kitakuwa disko vumbi.

Hofu hiyo ina maana. Kijiwe cha roki kikikosa mpaka, kinakuwa kijiwe tu. Hakuna anayesema apige kila kitu.

Lakini mpaka unawekwa baada ya kusikiliza, sio kabla. Wimbo ungemalizika, halafu watu wangebishana: je, hili gitaa ni roki au ni dansi lililovaa koti la roki? Hapo kijiwe kingewaka! Huo ndio ubishi mtamu kuliko wote, na watu wangejifunza kitu. Kuuzima wimbo katikati ni kukimbia mchezo.

Na kuna jingine. Kijana aliyedharauliwa kwa ajili ya muziki wake, akimdharau mwenzake kwa ajili ya muziki wake, amejifunza nini? Yale maneno aliyokuwa anaambiwa na majirani, "huu sio muziki," ndiyo hayo hayo aliyomrudishia dada. Waliomcheka dada siku ile wanajua vizuri jinsi kicheko hicho kinavyouma. Wengi wao walikipata darasani.

Pia tusijifanye hatuoni: wanaume watatu walileta nyimbo jioni ile kabla ya dada, na hakuna aliyeulizwa swali hata moja. Mmoja alileta wimbo akakosea jina la bendi, wakamsahihisha kwa kucheka, akakaa. Mtihani ulitoka mfukoni alipofika mwanamke. Dada zetu wengi wanaopenda muziki huu wanausikiliza kwenye spika za masikioni, kimya kimya, kwa sababu ya vitu kama hivi. Halafu wana wanalalamika kijiweni ni wanaume watupu.

KANDA HAZISUBIRI

Sasa turudi kwenye lile sanduku, kwa sababu hapo ndipo kuna haraka.

Enzi za bendi zile, studio kuu ya nchi ilikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, na santuri nyingi zilitengenezwa Nairobi. Watu wa kawaida walitegemea redio kaseti: wimbo ukianza, unabonyeza kurekodi. Ndiyo maana kanda za wazee zina thamani. Nyingine zimebeba matoleo ambayo hayako YouTube, na zina sauti ya mtangazaji anayetaja bendi na mtunzi.

Ila kanda ni utepe wa plastiki uliopakwa unga wa sumaku. Joto na unyevu vinaubandua ule unga. Songea mvua zikianza Novemba ni mpaka Aprili, na sanduku likiwa chini ya kitanda kwenye chumba chenye sakafu ya baridi, ukungu unaingia taratibu. Kila msimu ukipita, kuna wimbo unapoteza sauti za juu, kisha sauti yote.

Kuziokoa si kazi ya maabara. Unatafuta redio kaseti nzima, unasafisha kichwa chake kwa pamba na spiriti. Kanda iliyokaa miaka mingi unaizungusha kwanza mwanzo hadi mwisho bila kuipiga, kwa kalamu kama zamani au kwa mashine, ili tabaka ziachane. Halafu waya kutoka tundu la spika za masikioni kwenda kwenye kompyuta, unarekodi upande mzima bila kukata. Ukimaliza, unaandika jina la faili kama mzee alivyoandika kwenye karatasi: bendi, wimbo, mwaka. Usiliache liitwe "Track 01." Wimbo usio na jina ni kama mtoto aliyepotea stendi, kila mtu anamwona na hakuna anayejua ni wa nani.

Mjimwema kuna fundi simu anayekuja kijiweni kila wiki. Kuna mwalimu ana kompyuta. Kinyozi ana redio kaseti ya marehemu baba yake juu ya kabati, bado inafanya kazi. Vifaa vyote viko ndani ya watu kumi wale wale. Wenye kanda ndio wamefukuzwa.

KWA HIYO?

Kwanza, yule kaka aende kwa mzee. Sio kutuma ujumbe WhatsApp, sio kutuma mtu. Aende mwenyewe, apige hodi, atoe shikamoo, aseme, "Baba, tulimkosea binti yako, naomba radhi." Kisha amwombe dada radhi mbele ya wale wale waliocheka, kwa sababu alidhalilishwa mbele yao. Wangoni na Wamatengo wa mkoa huu wanajua kusuluhisha, hilo halihitaji semina. Mzee akikataa kutoa kanda zake, ni haki yake, na hapo kaka atakuwa amelipa sehemu ya deni tu. Akikubali, kijiwe kitakuwa kimepata kitu ambacho hata vijiwe vya Dar hawana.

Pili, utaratibu wa wimbo mmoja mmoja ni mzuri, uongezewe vitu vitatu. Wimbo ukianza, uishe. Anayeuleta ataje bendi, mtunzi kama anamjua, mwaka, na sababu moja ya kuupenda. Na mgeni asiulizwe swali lolote siku ya kwanza, zaidi ya "Umeupata wapi?" Swali hilo moja lingewaonyesha lile sanduku.

Tatu, changanyeni bila woga. Pigeni Black Sabbath, kisha Sunburst. Pigeni Santana, kisha Salum Abdallah. Pigeni Queen, kisha Afro 70, kisha WITCH. Anayependa gitaa hatakimbia. Na yule mama anayeuliza habari za Freemason akisikia Kiswahili katikati ya gitaa, huenda akavuta kiti.

Kumpa mtu wimbo unaoupenda ni kumwonyesha ulipo moyo wako. Yeye anaweza asiupende, ni sawa. Anaweza kubisha, ni sawa zaidi. Lakini akikudai cheti kabla hajasikiliza, amesahau kwamba na yeye siku moja alipewa wimbo wa kwanza na mtu ambaye hakumuuliza kitu.

Wewe mtu wangu unasemaje? Dada alikuwa na hasira za karibu au kijiwe kilichemka? Shuka kwenye komenti, na ukija usije mikono mitupu: acha wimbo mmoja wa zamani unaoupenda, jina la bendi, mwaka, na nani alikupa. Hakuna mtihani.